Anga Juu ya Meza

Mama Kiunga alirudisha picha zake asubuhi ya siku ya soko, mbele ya wateja, na hakuzirudisha kwa sauti ndogo.

"Kithinji! Nilikuja hapa nikiwa mzima. Sasa hii umenipatia ni mimi ama ni maiti yangu?"

Alizitandaza juu ya kaunta kama mtu anayeanika mboga. Zilikuwa picha za yeye na mjukuu wake, mtoto ambaye hata kutembea alikuwa hajazoea vizuri, aliyepewa jina la nyanya yake kama desturi ilivyo. Jina lao lilikuwa Gladwell, na wauzaji wote wa soko la Gakoromone walimwita mtoto Gladwell Mdogo. Siku ya kupigwa picha Gladwell Mkubwa alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kanisani, kilichopigwa pasi mpaka kikasimama. Katika picha kitambaa hicho hakikuwa cheupe. Kilikuwa na rangi ya jivu, na jivu hilo lilikuwa limepita juu ya mashavu, juu ya mtoto, juu ya kila kitu, kana kwamba mtu amezipulizia picha moshi kabla ya kuzitoa.

"Nitakuchapia nyingine, Mama Kiunga," alisema Mzee Kithinji.

"Mara ya pili hiyo unaniambia."

"Si ungeenda kwa kijana wako hapo ng'ambo, upate za rangi?" akauliza mteja mmoja, na watu wakacheka, maana kila mtu alijua kwamba Kiunga, mwanawe, alikuwa ameajiriwa katika duka la upande wa pili wa barabara, lenye mashine inayotoa picha za rangi kabla hujamaliza kunywa chai.

"Hiyo mashine yake ilinifanya mwekundu kama nyanya. Mimi nataka picha yenye itakaa, huyu mtoto akiwa mkubwa aone alitoka wapi." Akamwinua mjukuu wake mgongoni, akaenda zake kwa magunia yake ya viazi vya Timau, ng'ambo ya barabara, mahali alipokaa kila siku ya Mungu.

Wawira alikuwa amesimama nyuma ya kaunta muda huo wote akiitazama mikono yake.

Alikuwa ametoka Kiritiri, huko chini Mbeere kwenye joto na mbuzi, akasomea uhazili Embu mjini, kisha akapata kazi Meru, katika studio ya Kithinji, ya kupokea wateja na kuandika risiti. Hakuwa msemaji. Akiulizwa jambo alijibu kwa sauti ambayo ilimlazimu mtu kuinama. Kwa miezi mingi hakujua kilichokuwa nyuma ya ule mlango mweusi uliofungwa kwa pazia. Kisha mwezi wa nane mwaka huo wa 1998 Mzee alimwita ndani, akafunga mlango, akawasha taa nyekundu, akaweka karatasi tupu kwenye trei ya dawa na kusema, "Sasa tazama."

Wawira alitazama. Hakukuwa na kitu. Halafu kukawa na doa dogo, halafu doa likawa jicho, na lile jicho likamwangalia. Nywele zikaja, kola ya shati ikaja, mdomo ukaja mwisho, na mtu mzima akawa amelala ndani ya maji akimtazama kutoka chini. Wawira alijishika kifua. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa kuwa ndani ya chumba kile, na Mzee, alipoona hivyo, akaanza kumfundisha kuchapa picha.

Na picha zikaanza kutoka na jivu.

Hazikuwa hivyo kabla yake. Hilo ndilo lililomkata maini. Mzee alikuwa amebadilisha dawa, akachuja maji, akaisugua mashine ya kukuzia picha mpaka ikang'aa. Jivu likabaki. Ndipo alipoona kikopo cha mafuta ya kukamulia ng'ombe kwenye mfuko wa Wawira, yale mafuta mazito ambayo wasichana wengi hupaka mikono ikipasuka kwa baridi.

"Unajipaka haya?"

"Ndiyo, Mzee. Dawa zinanikausha."

"Unashika karatasi yangu na mafuta ya ng'ombe?"

Aliacha kujipaka siku ile ile. Vidole vyake vikapasuka vikatoa damu, na picha za Mama Kiunga zikatoka na jivu vilevile. Sasa Mzee alizikusanya kutoka kwenye kaunta, akamngojea mteja wa mwisho atoke.

"Mwari," alimwambia, kwa neno ambalo watu wa Meru humwita msichana wa nyumbani, na upole wake ndio ulioumiza. "Kuna mikono inakataliwa na hii kazi. Nilisikia hivyo nikijifunza, nikadhani ni hadithi. Kesho naenda ubatizo Kanyakine. Hii pakiti ya karatasi ndiyo ya mwisho. Utanawa vizuri na sabuni ya kipande, utachapa picha ya Mama Kiunga wewe peke yako, mimi nikiwa mbali. Ikitoka safi, sawa. Ikitoka na jivu, utabaki hapa mbele na risiti. Huko ndani usiingie tena."

"Ndiyo, Mzee."

Hakulala vizuri. Asubuhi ilipambazuka bila wingu hata moja, kama zilivyokuwa asubuhi zote tangu ukungu wa mwezi wa saba uondoke. Alinawa mpaka mikono ikawa na ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kiunga alimkuta akinawa tena nje, kwenye bomba.

"Sasa, Wawira. Unanawa ni kama unaenda kumpasua mtu."

"Niache, Kiunga."

"Bado mnapika picha kama githeri? Kuja ng'ambo. Sisi tunabonyeza tu, inatoka. Na hiyo yetu pia ni ya kizamani, nimeona kwa gazeti kuna kamera inakuja haina filamu. Haina! Picha inaingia kwa kompyuta."

"Na usiku inalala wapi?" Wawira aliuliza kabla hajajizuia, na Kiunga akacheka kwa furaha, maana ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimjibu.

"Utani kando, kuna nafasi ya kaunta kwetu. Mzee wako akikufukuza, ujue."

Kumbe hata ng'ambo ya barabara walikuwa wanajua.

Aliingia, akafunga mlango, akavuta pazia, akawasha taa nyekundu. Aliweka negativu, ile filamu iliyopigwa picha, kwenye mashine, na Mama Kiunga akatokea juu ya meza, weusi ukiwa weupe na weupe ukiwa weusi, kitambaa chake kikiwa cheusi kama lami. Alikuwa amemzoea hivyo. Akaweka karatasi, akahesabu kimoyomoyo kama alivyofundishwa, akaizamisha kwenye dawa. Macho yakaja. Macho ya mtoto yakaja. Kwa muda mfupi kitambaa kilikuwa cheupe kweli, cheupe cha Jumapili, na Wawira akaomba, "Bwana, simama hapo hapo." Lakini haikusimama. Jivu lilipanda polepole kutoka kila upande, kama maji yanayopanda kwenye kitambaa, likamfunika nyanya na likamfunika mjukuu.

Wawira aliitoa, akaitia kwenye maji, akalia bila sauti, jinsi alivyofanya mambo yake mengi.

Akafikiri: mara moja zaidi. Akafungua pakiti tena, akaitoa bahasha nyeusi, akaichomoa karatasi. Ndipo stima ikapotea.

Taa nyekundu ilizimika, na mashine ikazimika. Giza likawa zito la kushikika. Alipapasa meza akitafuta bahasha, akaiangusha ikiwa wazi, akasikia ikiteleza chini mahali fulani. Hapo akakwama. Akifungua mlango, mwanga utaila pakiti yote, na hiyo ilikuwa ya mwisho. Akabaki. Alijikalisha kwenye kiti kifupi, mgongo ukiegemea mlango, akaukodolea macho ukuta wa mbele, ule uliopakwa chokaa zamani chumba kilipokuwa stoo ya mahindi, akangoja stima irudi.

Alingoja sana. Nje sauti za Gakoromone ziliendelea kama kawaida, wapakuzi wakipiga mbinja, mtu akiita bei ya karoti.

Kitu kilisogea ukutani.

Alidhani ni machozi. Akapangusa macho, akatazama tena. Juu kabisa, karibu na dari, kulikuwa na kivuli kinachopita kutoka kulia kwenda kushoto. Kikafuatwa na kingine. Halafu akaona kwamba havikuwa vivuli. Vilikuwa na rangi. Kitu chekundu kilipita kikipepea, na chini yake, au juu yake, hakujua aseme vipi, kulikuwa na kitu cha kijani kibichi kilichotulia, na kitu cha njano.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba dawa zimempanda kichwani. La pili lilikuwa kusali. Lakini kabla hajafika popote na sala yake, kile chekundu kilirudi, na safari hii macho yake yalikuwa yamezoea, akakiona sawasawa. Ilikuwa leso. Leso ilikuwa imefungwa kiunoni mwa mwanamke, na mwanamke alikuwa anatembea kichwa chini, miguu ikikanyaga dari, ndoo kichwani ikining'inia bila kumwaga tone.

Wawira aliinamisha kichwa upande, amwone wima.

Soko lote lilikuwa ukutani. Barabara ilipita huko juu kama mto uliotundikwa. Mkokoteni ulipita juu yake, magurudumu angani, mwenye mkokoteni akiuinamia kwa nguvu zake zote. Kile cha kijani kilikuwa mikungu ya ndizi. Kile cha njano kilikuwa mwavuli, na chini ya mwavuli, upande ambao si wake, mwanamke aliketi juu ya magunia, mtoto mapajani, akibandua kitu na kukila. Hakuhitaji kuuona uso. Alikuwa Mama Kiunga. Yule ambaye dakika chache zilizopita alikuwa amefunikwa na jivu kwenye trei sasa alikuwa hai ukutani, mdogo kama kidole, na rangi zake zote, anatafuna.

Na hakuna aliyemchora, wala mashine iliyomleta. Stima hazikuwepo mji mzima. Mwanga ulikuwa umekuja wenyewe, ukiwa umebeba kila kitu.

Alifuata picha hiyo kwa macho kutoka juu kwenda chini. Miguu ya watu juu, vichwa chini yake, halafu mapaa ya mabati, na chini ya mapaa, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimepinduka, kulikuwa na anga. Anga la asubuhi ile isiyo na wingu, la samawati hafifu, pana kuliko vyote. Liliteremka ukutani, likajimwaga juu ya meza. Trei zote tatu zilikuwa ndani yake. Kibao cha mashine kilikuwa ndani yake. Karatasi aliyokuwa ameitoa kwenye pakiti ilikuwa imelala katikati ya anga hilo, ikilinywa.

"Mungu wangu," alisema Wawira kwa sauti kamili. "Wewe ndiwe jivu."

Bahasha nyeusi ilikuwa karibu na mguu wa meza. Aliiona kwa mwanga ule ule. Akaufunga mdomo wake, karatasi zilizobaki zikiwa ndani, akaifunika kwa aproni, kisha akageuka kuangalia mwanga unakoingilia. Juu ya mlango, kwenye ubao wa ukuta unaotazama barabara, kulikuwa na nyota moja. Tundu la msumari.

Akakumbuka. Mwezi wa saba, lile duka la picha za rangi lilipoanza kumpora wateja, Mzee alichorewa kibao kipya, kikubwa, cha herufi za bluu, na akakipigilia mwenyewe kwenye ukuta huo kwa misumari mirefu. Kisha akavuka barabara kukitazama, akasema kimeinama, akarudi, akang'oa, akapigilia tena pembeni kidogo. Wakati huo mji ulikuwa kwenye ukungu na jua halikuonekana. Tundu likakaa kimya likingoja jua, na jua likatoka mwezi ule ule yeye alipoanza kuchapa.

Alipougeukia tena ukuta wenye soko, aliona mtu akitoka duka la ng'ambo. Shati jeupe, mwendo wa kujirusha. Kiunga, kichwa chini, aliruka mtaro juu ya dari, akachuma ndizi kwenye mkungu uliokuwa kando ya mama yake, akapigwa kofi mkononi, akavuka barabara akija moja kwa moja, akizidi kukua, mpaka akatoweka ukutani. Mlango ukabishwa.

"Wawira! Stima zimeenda. Uko hai?"

"Umalize kwanza hiyo ndizi ya wizi."

Nje kutafuna kukakoma.

"Umenionaje?"

"Kiunga, tafadhali nifanyie kitu. Rudi barabarani, usimame mbele ya mama yako, uinue mkono."

"Wawira, hizo dawa..."

"Nenda tu!"

Hakuwahi kumpigia mtu kelele maishani mwake. Kiunga akaenda. Alisimama katikati ya barabara, juu ya dari, akainua mkono, na mkono wake ukateremka angani kama wa mtu anayechota maji. Mama yake akamuuliza kitu. Kiunga akainua mabega, akainua na mkono wa pili. Wawira akapanda juu ya kiti, akaweka kidole kwenye tundu. Soko likazimika lote. Akakitoa. Likarudi, na Kiunga katikati yake bado ameinua mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi. Wawira akacheka peke yake gizani, kidole kikiuma kwa ile mipasuko, na akaona kwamba anacheka na kulia pamoja.

Mzee Kithinji alirudi saa sita, viatu vikiwa na vumbi la Kanyakine. Aliikuta picha ya Mama Kiunga ikiwa juu ya kaunta, ya jivu. Akavua kofia.

"Basi," alisema. "Pole, mwari."

"Mzee, naomba uingie ndani, tuzime taa."

"Stima hazijarudi. Tuzime taa gani?"

"Basi uingie tu ukae."

Aliingia kwa sababu hakuwahi kusikia msichana huyu akiomba kitu. Alikaa kwenye kiti akinung'unika kwamba ana njaa, kwamba padri aliwachelewesha, kwamba haoni kitu. Akanung'unika kuhusu giza. Halafu manung'uniko yakakatika katikati ya neno.

Wawira alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuweza kumwona uso. Alisikia tu pumzi yake ikibadilika, na baada ya kitambo kirefu akamwona akinyoosha mkono kuelekea ukutani, taratibu, kama mtu anayetaka kumgusa mtoto aliyelala.

"Miaka yote hii nimeshika kamera," alisema Mzee. "Nimeshika kwa nje. Hii... Wawira, sisi tuko ndani yake. Chumba ndicho kamera."

"Ndiyo, Mzee."

"Huyo anayepita ni Munyi wa vitunguu. Angalia. Anachechemea hata akiwa kichwa chini." Akacheka kidogo. Aliteremsha macho mpaka kwenye meza, akaliona anga, akaziona trei, na Wawira akajua amefika alipofika yeye asubuhi. Mzee aligeuka, akautazama ule mlango, akaitazama ile nyota juu yake.

"Kibao changu."

"Ndiyo, Mzee."

"Nilikipigilia mimi."

Mzee aliutafuta mkono wa Wawira gizani, akaupata, akaushika kwa mikono yake miwili, na bila shaka akaihisi ile mipasuko.

"Si mkono wako," alisema. "Unisamehe. Leo hii ujipake hayo mafuta."

Hakuziba tundu mara moja. Kwanza alisimama akifikiri, halafu akasema kwa sauti ya kijana, "Tubandike moja." Alifunika tundu kwa kidole huku Wawira akitoa karatasi kwenye bahasha na kuipigilia ukutani kwa pini, pale soko lilipokuwa limelala. Kisha Mzee akatoa kidole. Wakakaa sakafuni, wakalingoja soko lijiandike, muda wa kuchemsha chai na kuiacha ipoe.

Kisha wakaliziba tundu kwa kitambaa, wakaiosha karatasi hiyo kwa ile dawa gizani, kwa kupapasa. Ilitoka kama negativu, hivyo stima ziliporudi jioni waliilaza juu ya karatasi nyingine, uso kwa uso, wakaimulika kwa taa, ili nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi. Ilipotokea kwenye trei, Wawira alishika ukingo wa meza. Barabara ilikuwa tupu. Wapakuzi, mikokoteni, leso nyekundu, Munyi wa vitunguu, wote walikuwa wamepita haraka mno, mwanga haukuwashika. Kilichobaki ni kile kilichotulia: mikungu ya ndizi, magunia, mwavuli, na chini ya mwavuli Mama Kiunga, na Gladwell Mdogo amelala mapajani pake.

Kesho yake Mzee alipigilia kifuniko cha kikopo cha mafuta ya kukamulia juu ya tundu, kwa msumari mmoja mfupi, kiweze kusogezwa kando na kurudi. Kisha akamvisha Wawira aproni yake mwenyewe, akatoka nje, akamfungia mlango. Wawira alichapa picha ya Mama Kiunga kwenye karatasi ya mwisho ya pakiti. Kitambaa kilikuja cheupe, na kikabaki cheupe.

Mama Kiunga mwenyewe alipokuja kuichukua, aliishika mbali, akaishika karibu, akamwonyesha mjukuu, ambaye alijaribu kuila.

"Sasa huyu ndiye mimi," alisema. Halafu akaiona ile nyingine, iliyokuwa ikikauka kwenye kamba. "Na hii? Hapa ni Gakoromone. Watu wote wameenda wapi?"

"Walikuwa wanatembea, Mama Kiunga. Picha haikuwashika."

Mama Kiunga aliinama akaitazama kwa makini, kutoka mwisho hadi mwisho wa ile barabara tupu, akajikuta chini ya mwavuli wake.

"Si nilisema!" alimwambia Kithinji. "Soko zima, mwenye kufanya kazi ni mimi peke yangu."

Walicheka mpaka Kiunga akavuka barabara kuja kuona. Aliitazama picha, akajitafuta.

"Na mimi je? Si nilisimama hapo, nikainua mikono, watu wakanicheka?"

"Hukukaa mpaka tukabandika karatasi," Wawira alimwambia. "Siku nyingine ukae."

Walipokwenda, alirudi ndani, akafunga mlango. Hakukuwa na kazi iliyomngoja. Alihakikisha hakuna karatasi iliyo wazi, akazima taa nyekundu, akapanda kiti, akasogeza kile kifuniko, akangoja macho yake yazoee. Soko likaja polepole, kichwa chini. Wawira akaweka mkono wake juu ya meza, kiganja juu, ukiwa bado unang'aa mafuta, na anga la Meru likaujaza.